Maharage ya Mkaguzi

Jumanne, tarehe 3 Juni, saa tatu na robo asubuhi, mvua nyepesi ikinyesha tangu alfajiri bila kuzidi wala kupungua, mkaguzi mstaafu wa mizani alikuwa amesimama jikoni kwake mbele ya kilo moja ya maharage machanga, yale ya kijani yaliwayo pamoja na maganda yake, asijue aanzie wapi.

Hakuwa mtu wa kutojua aanzie wapi. Kwa miaka thelathini na mmoja aliingia katika maduka, maghala na mabucha akiwa na sanduku la mawe ya shaba, akaweka jiwe moja baada ya jingine juu ya mizani za watu, na kutamka hukumu bila kupandisha sauti. Mizani iliyopunja aliifunga kwa lakiri, na mwenye duka angeweza kulia, kucheka au kutaja jina la mkubwa fulani, lakiri haikufunguliwa. Mtaani waliendelea kumwita Mkaguzi hata baada ya kustaafu. Mkewe naye alimwita hivyohivyo, kwa utani uliokwisha kugeuka jina, na yeye alimwita mkewe Fundi, kwa sababu alikuwa fundi cherehani ambaye sketi zake za shule zilijulikana kwa pindo lisilofumuka.

Fundi alikuwa amelala chumba cha pili. Alirudi kutoka hospitali siku ya Jumamosi, baada ya mzunguko wa kwanza wa dawa za saratani zinazopitishwa mshipani. Dawa zile zilimwondolea nywele, kisha nyama ya mashavu, kisha ladha ya chakula. Kila alichokitia kinywani, alisema, kilikuwa kama kulamba kitasa cha mlango. Uji aliusukuma. Supu aliisukuma. Hata chai, ambayo alikuwa akiinywa tangu wachumbiane kana kwamba ni zamu aliyopangiwa, iliganda utando kikombeni.

Daktari alikuwa ameeleza mambo kwa uwazi. Mzunguko wa pili ungeanza Jumatatu, tarehe 16. Kabla ya hapo, Alhamisi ya tarehe 12, mgonjwa angepimwa. Kama angekuwa amepata nguvu, kitanda kilikuwa chake. Kama angekuwa amedhoofika zaidi, kitanda angepewa mwingine, kwa kuwa vitanda vya dawa ile vilikuwa vichache na waliovisubiri walikuwa wengi. Jambo la mwisho lilikuwa chumvi. Figo zilikuwa zimechoka. Chumvi isizidi nusu kijiko cha chai kwa siku nzima.

"Nusu kijiko," Mkaguzi alirudia wakati ule, akaandika. "Kijiko kilichosawazishwa au chenye kilima?"

"Kilichosawazishwa," daktari alijibu, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

Jumatatu usiku Fundi alikuwa amesema kwamba kama kuna kitu ambacho pengine angeweza kukila, ni maharage yake machanga. Yake, si ya mwingine: yale aliyoyapika mwenyewe kila alipomaliza kazi kubwa ya sare, yenye kitunguu kilichokaangwa taratibu mpaka kikawa na rangi ya asali, saumu, pilipili manga na ndimu. Alimwelekeza mumewe akiwa amefumba macho.

"Unakata vikonyo. Unavuta ule uzi wa ubavuni. Unayachemsha kidogo, yasilale. Kitunguu usikifanyie haraka. Saumu mwishoni, maana inaungua upesi. Ndimu ukishaepua. Kisha unaonja mpaka ikae sawa."

"Ikae sawa kwa kiasi gani?"

"Kiasi cha kukaa sawa, Mkaguzi."

"Hicho si kipimo."

"Basi ndicho kipimo nilichokulishia maisha yako yote," mkewe alisema, na tabasamu lake lilikuwa dogo na lilimchosha.

Sasa yafaa ielezwe jambo moja, maana bila hilo mwenendo wa mtu huyu utaonekana upumbavu mtupu, na hakuwa mpumbavu. Mkaguzi alisoma shule ya bweni, katika siku ambazo bweni lilikuwa bweni. Alikuwa kiranja wa jikoni kwa miaka minne. Upawa ulitundikwa kwenye msumari, na mkono wowote ulioingia sufuriani kabla ya sala ya chakula ulikuwa mkono wa mwizi, uwe wa mwanafunzi, wa mpishi au wa kiranja mwenyewe. Aliyeonja alikula akiwa amesimama wiki nzima, mbele ya wenzake mia tatu. Chakula cha chumba cha wagonjwa kilikuwa na sheria kali zaidi: mwenye afya hakukigusa hata kilipobaki. Kwa miaka minne yote kiranja yule hakuonja. Wengine waliopita shule za namna ile walizisahau sheria zake mara tu walipovua kaptura. Yeye alizishika, na zilimfaa. Haikuwahi kusemwa kwamba Mkaguzi aliondoka katika duka lolote na hata punje ya mchele iliyokwama kwenye kiatu.

Kwa hiyo alipika bila kuonja. Hilo halikuwa hata uamuzi. Aliposikia neno lile la mwisho katika maelezo ya mkewe, alilipita kama mtu apitavyo mlango wa nyumba isiyo yake.

Jumanne ile alikata vikonyo vyote kwa urefu mmoja. Alivuta nyuzi, akaziweka pembeni, zimelazwa upande mmoja. Aliyachemsha maharage kwa saa, dakika ishirini kamili, yakatoka na rangi ya nguo ya askari iliyofuliwa mara nyingi. Alitia nusu kijiko cha chumvi, akikisawazisha kwa mgongo wa kisu. Saumu iliungua. Alipeleka sahani kwa sinia, akasimama mlangoni.

Fundi alitafuna ganda moja kwa muda mrefu. Akatafuna la pili. Kisha akauweka uma kando.

"Ni kama nyasi zilizonyeshewa," alisema. "Si kosa lako. Ni mdomo wangu."

"Jaribu tena moja."

"Nikijaribu, nitatapika, na hayo mawili yatatoka."

Mkaguzi aliichukua sahani. Jikoni alizimwaga zile nyasi, akaosha sufuria, akaikausha, akavaa koti la mvua na kwenda dukani mwisho wa mtaa. Mwenye duka alikuwa mtu mnene, mcheshi, ambaye zamani aliwahi kufungiwa mizani na Mkaguzi huyuhuyu na hakuwahi kuweka kinyongo, au kama aliweka, alikiweka mahali pasipoonekana.

"Mzee wangu! Leo umekuja kununua au kukagua?"

"Kununua. Nataka kitu cha kutia ladha katika mboga. Mgonjwa hahisi ladha."

"Hahisi kabisa?"

"Kabisa."

Mwenye duka alijipinda juu ya kaunta, akateremsha mkebe wa vidonge vya mchuzi, vile vya mraba vinavyofungwa kwa karatasi inayong'aa, kisha chupa ya sosi nyeusi ya soya. "Hiki kidonge, mzee, ukikitia hata kwenye kokoto, watu wataomba kuongezewa. Na hii sosi unanyunyiza tu mwishoni. Shemeji yangu atalamba sahani."

"Vingapi kwa sufuria moja?"

"Mgonjwa asiyehisi? Vitatu. Vinne kama unampenda."

Mkaguzi alinunua na kulipa. Daktari alitaja chumvi. Hakutaja vidonge wala sosi. Mkaguzi aliisoma amri ile kama alivyozoea kusoma kanuni zote, neno kwa neno, na nusu kijiko kilichosawazishwa kilibaki nusu kijiko kilichosawazishwa. Juu yake aliongeza vidonge vinne.

Jumatano adhuhuri Fundi alikula sahani nzima.

Alianza polepole, akasita na ganda moja kati ya meno, akamtazama mumewe aliyekuwa mlangoni na taulo begani. Kitu fulani kilipita usoni pake. Kisha akaendelea, ganda moja baada ya jingine, mpaka akafuta rojo kwa kipande cha mkate.

"Vipi?" Mkaguzi aliuliza, kwa sauti ileile ambayo angeuliza bei ya misumari.

"Yana ladha," alisema mkewe. "Nimeisikia."

Mkaguzi alirudi jikoni, akafunga mlango, akashika ukingo wa beseni kwa mikono miwili, akakaa hivyo kwa muda.

Tangu hapo alipika kila siku, na kila siku alipika vizuri zaidi, kwa kadiri macho yalivyoweza kuona. Aliyachemsha maharage kwa dakika nne tu, akayamwaga katika maji baridi ili rangi isikimbie. Alijifunza kukiacha kitunguu kilainike kwa moto mdogo, akikisimamia kama anavyosimamiwa mfungwa. Alikata saumu vipande vyembamba, akaitia mwishoni, akaepua ikiwa ya rangi ya majani makavu. Siagi ilitiwa, pilipili manga ikasagwa, ndimu ikakamuliwa. Na kwa kuwa vidonge vinne vilikuwa vimefaulu, akatia vitano, na sosi ya soya mpaka rojo likawa jeusi na zito. Harufu ilijaa nyumba nzima. Majirani waliouliza habari za mgonjwa walisimama ukumbini wakivuta pumzi.

Yeye mwenyewe alikula mayai ya kuchemsha na mkate. Kilichobaki katika kikaango kilikuwa cha mgonjwa.

Jumapili alikuja mdogo wake Fundi, mwanamke wa mapokezi katika karakana ya magari, ambaye ukoo mzima ulimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Aliingia akizungumza, akavua viatu akizungumza, akamkumbatia dada yake na kulia kidogo akizungumza. Alipofika jikoni alisimama nyuma ya shemeji yake, aliyekuwa akisawazisha chumvi kwa kisu.

"Shemeji, unapima hiyo chumvi kama dhahabu. Dada! Mumeo ana maabara huku!"

"Nusu kijiko, kwa amri ya daktari."

"Na harufu hii imetoka wapi? Wewe si ndiye uliyewahi kuunguza maji ya chai? Hebu nionje." Akanyoosha mkono.

Mkaguzi aliweka mfuniko. Hakuufunga kwa nguvu, lakini aliufunga.

"Chakula cha mgonjwa hakiguswi."

"Kimoja tu, shemeji. Kile kifupi."

"Hata kifupi."

"Loo! Haya, kiranja." Redio akamgeukia dada yake aliyekuwa amejikokota mpaka mlangoni. "Umelala na huyu mtu miaka yote hii na hajakuandika jina kwa kuchelewa kulala?"

"Ameniandika," Fundi alisema. Alikuwa ameegemea mlango, na miguu yake, ndani ya soksi za sufi, ilionekana minene kuliko ilivyokuwa. Mkaguzi aliiona, na moyo wake ukafurahi. Alidhani ni nyama.

Alhamisi, tarehe 12, mvua ilikuwa ingali inanyesha. Walikwenda kwa teksi. Katika chumba cha kupimia, kabla mkewe hajapanda mizani, Mkaguzi aliinama, akatazama sindano, akabonyeza jukwaa kwa kiganja na kuliachia, akaona sindano inarudi kwenye sifuri bila kusita. Aliridhika. Mizani ilikuwa ya haki. Fundi akapanda, na sindano ikapita pale ilipokuwa siku alipotoka hospitali, ikaendelea, ikasimama kilo tatu na nusu mbele.

Mkaguzi alinyoosha mgongo. Kwa muda wa pumzi chache alikuwa mtu mwenye furaha, na hilo lapaswa kusemwa, kwa kuwa haikutokea tena.

Daktari hakuitazama sindano kwa muda mrefu. Alikuwa kijana, mwenye macho ya mtu anayelala kwa mafungu. Alimwomba Fundi aketi, akamvua soksi, akabonyeza muundi wake kwa kidole gumba, akakiondoa. Shimo likabaki. Wote watatu walilitazama. Lilibaki pale kama alama ya kidole katika unga uliokandwa.

"Haya ni maji," daktari alisema. "Mwili umejaa maji. Mama, unakula chumvi kiasi gani?"

Mkaguzi alifungua kinywa kujibu, kwa kuwa jibu lilikuwa lake na alikuwa nalo tayari: nusu kijiko, kilichosawazishwa. Mkewe alimtangulia.

"Mume wangu anapika kama ulivyosema, daktari. Anapima mbele ya macho yangu. Ni mimi. Ninayo chumvi yangu katika kopo, chini ya kitanda. Akitoka, naongeza."

Daktari alimgeukia.

"Kila siku?"

"Kila siku."

Daktari aliweka kalamu juu ya meza, kisha akaichukua tena. "Nilikueleza kuhusu figo."

"Ulinieleza."

"Siwezi kukupa dawa ile ukiwa hivi. Itakuua kabla ugonjwa haujakuua. Jumatatu kitanda kinakwenda kwa mwingine." Akaandika maneno machache. "Na wewe unakwenda mwisho wa foleni pamoja na wote wasiofuata maagizo. Hiyo ni miezi mitatu, labda minne. Samahani, mama. Kuna watu wanaotii na wanasubiri."

Hapakuwa na ukatili katika maneno hayo. Yalikuwa maneno ambayo Mkaguzi mwenyewe angeyasema, na pengine ndiyo sababu yalimwingia sana. Hakumgeukia daktari. Alimgeukia mkewe.

Katika teksi alimwambia. Hakupiga kelele, hakuwahi kupiga kelele. Alisema kwamba ameishi naye miaka yote hiyo bila kumjua kuwa mwongo wala mkaidi. Alisema kwamba amesimama juu ya jiko siku baada ya siku akipima kwa kisu, na kumbe kazi yote ile ilikuwa ikibomolewa kwa siri, chini ya kitanda, kwa kopo. Alisema kwamba mtu asiyeweza kujitawala ulimi hana haki ya kulalamika mwili unapomshinda. Dereva aliongeza sauti ya muziki kidogo, kwa adabu. Fundi alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, akitazama matone yanavyoungana na kuteremka.

"Umemaliza?" aliuliza walipofika.

"Nimemaliza."

"Basi nisaidie kushuka. Miguu haikunjiki."

Alimlaza. Kisha, kwa kuwa kitu haramu hakikai katika nyumba yenye utaratibu, alipiga magoti kutafuta lile kopo. Chini ya kitanda palikuwa na ndara, boksi la nyuzi na vumbi. Alinyanyua godoro upande wa miguuni. Alifungua droo. Fundi alimfuata kwa macho.

"Liko wapi?"

Kabla hajajibiwa, sauti ya Redio ilisikika kutoka jikoni. Alikuwa na ufunguo wake, na alikuwa amewatangulia ili wakute chai tayari. Sauti haikuwa maneno. Ilikuwa kukohoa, kisha kutema, kisha bomba la maji.

Mkaguzi alimkuta ameinama juu ya beseni, mfuniko wa kikaango mkononi. Ndani ya kikaango mlikuwa na maharage ya asubuhi, ya kijani, yanang'aa.

"Chakula cha mgonjwa..." alianza.

"Mgonjwa gani?" Redio alifuta mdomo kwa mkono. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, hakuwa na mzaha usoni. "Shemeji, umetia nini humu? Hii ni bahari! Dada anakula hii?"

"Nusu kijiko cha chumvi. Kilichosawazishwa."

"Na nini kingine?"

Akamwonyesha mkebe, na chupa. Redio alitazama mkebe, akatazama chupa, akamtazama yeye.

"Vingapi?"

"Vitano."

"Kwa siku?" Akakaa juu ya stuli. "Shemeji, hivi ni chumvi iliyovaa suti. Na hiyo sosi ni chumvi iliyoyeyushwa. Ulionja lini?"

Mkaguzi aliurudisha mkebe mahali pake.

"Nakuuliza, ulionja lini?"

"Sikuonja."

Redio alichukua uma, akachoma ganda moja, akamnyooshea. Mtu yule, ambaye mkono wake haukuwahi kuingia sufuriani, aliupokea uma na kutia ganda kinywani. Kwanza ilikuja saumu, na utamu wa kitunguu, na kwa nukta moja alielewa kwa nini watu hupenda chakula. Kisha chumvi ikafika, ikafuta vyote, ikamkaba kooni na kumtoa machozi. Alitafuna mpaka mwisho. Akameza. Akaweka uma katika beseni.

Alirudi chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Hakuna kopo," alisema.

"Hakuna."

"Ulijua tangu siku ya kwanza?"

"Tangu tonge la kwanza."

"Kwa nini hukusema?"

Fundi alisogeza kichwa juu ya mto. "Kwa sababu nililisikia, Mkaguzi. Mwezi mzima nimekuwa nikilamba chuma. Ghafla kitu kikauma ulimi, nikasema, kumbe bado nipo. Nilijua ni chumvi. Nilijua ni nyingi. Nikasema kesho nitamwambia. Kesho ikija, naisikia harufu." Alipumzika. "Tena ulikuwa umesimama pale mlangoni na taulo langu begani. Hujawahi kusimama mlangoni kuniangalia nikila."

"Na mbele ya daktari? Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Ulitaka niseme nini? Kwamba mume wangu, mkaguzi wa mizani, ameshindwa kupima chumvi? Mbele ya kijana yule? Ungekufa kabla yangu."

"Nami nikakusema katika teksi."

"Ulinisema."

"Hukunijibu."

"Ningekujibu nini, na dereva anasikiliza?"

Mkaguzi alisimama. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na nusu, na daktari hufunga saa kumi. Alivaa koti la mvua juu ya shati lililolowa. Redio, mlangoni, alisema, "Piga simu tu, shemeji, unakwenda wapi na mvua hii?" Alitoka. Jambo kama hilo halisemwi kwa simu.

Alimkuta daktari akifunga dirisha. Alikataa kiti. Alisimama mbele ya meza, visigino pamoja, maji yakidondoka kutoka kwenye koti.

"Mke wangu alikudanganya," alisema. "Hana chumvi chini ya kitanda. Chumvi ilikuwa yangu. Nilitia vidonge vitano vya mchuzi kila siku, na sosi, juu ya kipimo chako. Sikuviita chumvi kwa sababu wewe hukuviita chumvi. Na sikuonja. Alisema uongo ili kunifichia aibu. Yeye alikula alichopewa na mumewe. Naomba maneno uliyoyaandika yaandikwe kwa jina langu."

Daktari aliliacha dirisha, akaketi.

"Mzee, kosa hili hutokea. Pengine ningekueleza vizuri zaidi."

"Hukukosea. Nilipewa amri nikaielewa nusu."

"Kitanda cha Jumatatu kimekwisha kwenda. Nilimpigia mtu adhuhuri. Anatoka mbali, sasa hivi yumo ndani ya basi na mwanawe."

"Sikuja kumnyang'anya."

Na ni kweli. Hata wazo hilo halikuwa limemjia. Daktari alivuta jalada, akakata kwa mstari mmoja yale aliyoyaandika, akaandika mengine juu yake.

"Atatoka mwisho wa foleni. Naweza kumpa nafasi baada ya wiki tatu, maji yakishuka."

"Wiki tatu zinamtosha?"

Kalamu ilisimama. "Ugonjwa huu haungoji mtu, mzee. Sijui. Ningependelea Jumatatu."

"Nakushukuru kwa kusema kweli," Mkaguzi alisema, akafunga mlango nyuma yake taratibu.

Alipofika nyumbani giza lilikuwa linaingia. Redio alikuwa amekwenda; kikaango kilikuwa kimeoshwa na kufunikwa kifudifudi. Fundi hakuwa amelala. Mkaguzi alisimama miguuni pa kitanda, bado na koti lake.

"Nimemwambia yote. Amekifuta alichokiandika juu yako. Jina lako ni safi."

"Nani alikutuma?"

"Sikutumwa. Ulibeba uongo kwa ajili yangu, lilikuwa deni. Nimelilipa."

"Na kitanda?"

"Kimekwenda. Ni baada ya wiki tatu."

Nje, mfereji wa bati ulikuwa ukimwaga maji mahali palepale, kwa mwendo uleule.

"Haya, deni la uongo umelilipa," mkewe alisema. "Na hizi wiki tatu, Mkaguzi? Hizi utanilipa na nini?"

Alitafuta jibu, kwa uaminifu, kama alivyotafuta kila kitu maishani mwake.

"Hizo siwezi," alisema.

"Najua," mkewe alisema, akageukia ukutani.